Kwa nini ndege yako inazidi kulala kila ikikata kona

Swali kutoka Nanguruwe, Mtwara: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa redio na simu. Nimetengeneza ndege ya povu gumu, mabawa mita 1.4, uzito kilo 1.1. Nikiiendesha mwenyewe kwa rimoti inaruka vizuri, mwendo wake ni kama mita 14 kwa sekunde. Nataka ijiendeshe ipige picha mikorosho ya baba, maana ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, tunauona ukishasambaa. Nimeweka bodi ya Arduino Nano, chipu ya MPU-6050 yenye jairoskopu (ya kupima kasi ya kuzunguka) na kipimamchapuko, GPS ya NEO-6M na barometa ya BMP280. Kichujio changu cha kukadiria pembe kinachukua 0.98 ya jairoskopu na 0.02 ya kipimamchapuko, mara 100 kwa sekunde. Ikienda moja kwa moja imetulia tuli. Nikiiamuru ikate kona kwa kulala nyuzi 25, inalala, inazidi kulala, kisha inashuka ikizunguka. Mara tatu nimeiwahi kwa rimoti, ya nne imevunjika pua. Namba za PID nimebadilisha mpaka nimechoka. Kosa ni Nano? Nimebakiwa na laki mbili, ninunue nini?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa pua. Umeuliza vizuri kuliko wengi wanaoniandikia kwa sababu umenipa namba, na jibu limo ndani ya namba hizohizo.

Nano haijakosa, na PID, ile hesabu inayogeuza kosa la pembe kuwa amri ya usukani, nayo huenda haijakosa. Ndege yako inazidi kulala kwa sababu haijui kuwa imelala. Ikianza kukata kona, muda mfupi tu inaamini mabawa yako sawa. Wewe umeiamuru ilale nyuzi 25, yenyewe inajiona imelala nyuzi mbili au tatu, basi inaongeza. Ikishaongeza inajiona bado iko palepale, inaongeza tena, hadi mabawa yanashindwa kuibeba na inaanza kushuka ikizunguka. Hakuna namba ya PID itakayotibu hilo. Dereva aliyefungwa kitambaa machoni humsaidii kwa kumbadilishia usukani.

Chukua ndoo ya maji uizungushe kwa mkono, kama watoto wafanyavyo kisimani. Ndoo ikifika juu ya kichwa, imepinduka kabisa, maji hayamwagiki. Ungeweza kuyauliza maji yale chini ni wapi, yangekuonyesha kitako cha ndoo. Kipimamchapuko chako ni yale maji. Hakipimi mvuto wa dunia, kinapima msukumo kinaoupata kutoka kwa kitu kilichokibeba. Mezani mambo hayo mawili yanalingana, ndiyo maana bodi yako ikiwa mezani haikosei. Kwenye kona safi, ndege isipoteleza pembeni, msukumo wote unapita wima kutoka tumboni mwa ndege, na kipimamchapuko kinaapa kwamba chini ni tumboni. Kwake mabawa yako sawa, hata kama umelala nyuzi 60.

Sasa tazama 0.98 yako. Ukisoma mara 100 kwa sekunde, kila hatua ni sekunde 0.01. Zidisha 0.98 kwa 0.01 kisha gawanya kwa 0.02: unapata sekunde 0.49. Huo ndio muda ambao kichujio chako kinahitaji kumeza karibu theluthi mbili za uongo wowote wa kipimamchapuko. Namba hizo zimezoeleka kwenye mafunzo ya roboti ya magurudumu mawili inayojisimamisha, na kwa roboti ni nzuri kabisa, maana roboti haikai kwenye kona sekunde kumi. Ndege inakaa. Ukiwa na mwendo wa mita 14 kwa sekunde na umelala nyuzi 30, mzunguko mmoja kamili unachukua kama sekunde 15 na nusu, na duara lake lina nusu kipenyo ya karibu mita 35. Kabla hujamaliza hata robo ya duara, jairoskopu iliyokuwa ikisema kweli imeshazidiwa kauli.

Najua utakachofikiria: basi niweke 0.999. Muda ule unakuwa kama sekunde 10, nafuu lakini si dawa. Kwanza, duara lako ni refu kuliko sekunde 10. Pili, jairoskopu nayo ina kasoro yake: ikiwa imetulia kabisa haisomi sifuri. Karatasi ya watengenezaji wa MPU-6050 inaruhusu kosa la mwanzo hadi nyuzi 20 kwa sekunde. Najua unalifuta kila ukiwasha, lakini chipu ikipata joto la jua kisha ikapozwa na upepo wa kuruka, kosa linasogea tena. Likibaki nusu nyuzi tu kwa sekunde, kichujio cha sekunde 10 kitakaa nyuzi 5 nje ya ukweli muda wote. Utakuwa umehamisha ugonjwa kutoka kwenye kona kwenda kwenye njia iliyonyooka.

Dawa ni kumweleza kipimamchapuko kwamba tunazunguka, kisha kumtolea mzunguko huo. Unachohitaji ni kasi ya ndege hewani na jairoskopu uliyonayo. Tufanye hesabu pamoja, maana hapa ndipo wengi wanakariri bila kuona. Ndege iko mita 14 kwa sekunde, imelala nyuzi 30 kulia. Inageuka nyuzi 23.2 kwa sekunde, yaani radiani 0.404. Kwa kuwa imelala, mzunguko huo unagawanyika kwenye jairoskopu: mhimili wa kugeuza pua kushoto na kulia unaona radiani 0.350, na mhimili wa kunyanyua pua unaona 0.202. Zidisha kila mmoja kwa 14: unapata 4.90 na 2.83. Kipimamchapuko kinasoma 0 pembeni na 11.33 kutoka tumboni. Sasa weka 4.90 kwenye upande wa pembeni, na kwenye upande wa tumboni toa 2.83 kutoka 11.33, ibaki 8.50. Chora pembetatu: 4.90 kwa 8.50. Pembe yake ni nyuzi 30 kamili. Ukweli umerudi, na umetoka kwenye vihisi vilevile vilivyokuwa vinakudanganya.

Ukishafanya hivyo, kichujio cha muda mrefu kidogo, sekunde 3 hadi 5, kitatosha. Ongeza na kijumlishi kidogo kinachojifunza kosa la jairoskopu polepole ndege ikiwa hewani; njia hiyo Robert Mahony na wenzake waliieleza vizuri mwaka 2008 na inaingia kwenye mistari michache ya programu. Kuwa mwangalifu na alama za kujumlisha na kutoa. Zinategemea umeilaza vipi bodi yako, na ukikosea alama moja masahihisho yataongeza uongo mara mbili.

Usijione mjinga kwa kukwama hapa. Pascal Brisset na Antoine Drouin walioanzisha mradi wa ndege zinazojiendesha wa Paparazzi kule Toulouse, Ufaransa, mwaka 2003 walilikwepa tatizo hili kwa vihisi vya joto: ardhi ina joto, anga ni baridi, basi upande wenye joto ndio chini, na kona haiwezi kukidanganya kihisi cha joto. Bodi ya kwanza ya ArduPilot, mradi mwingine wa ndege zinazojiendesha, ya mwaka 2009 nayo ilitumia njia hiyohiyo, kwenye chipu ya ukoo mmoja na Nano yako. Kwa pwani yetu nisingekushauri, maana mawingu mazito na unyevu hupunguza tofauti ya joto kati ya juu na chini. Mwaka huohuo William Premerlani na Paul Bizard wakaeleza hesabu ya kutumia jairoskopu za bei rahisi pamoja na masahihisho ya kona niliyokuonyesha, na ArduPilot ikahamia huko.

Sasa usirushe ndege kujaribu haya. Tafuta pikipiki.

Nasema hivi kwa dhati, maana pikipiki ndiyo chombo cha nchi kavu kinacholala kwenye kona kama ndege. Ukikata kona na gari, gari haliegemei ndani. Pikipiki inaegemea kiasi kilekile ambacho hesabu inataka. Mtafute bodaboda unayemwamini, avae kofia, mfunge bodi kwenye tangi la mafuta ikiwa imekaa sawasawa, pamoja na kamera ndogo inayotazama mbele. Nendeni ufukweni maji yakipwa, pale mchanga mgumu unapoanikwa na hakuna watu. Azunguke duara la nusu kipenyo mita 10 kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa. Atalala kama nyuzi 17 na nusu, na kila mzunguko utachukua sekunde 11 hivi. Mwambie akae sambamba na pikipiki, asijipinde peke yake. Kila pua ikielekea baharini, kamera itapiga mstari wa upeo wa macho, pale bahari na mbingu zinapokutana. Hicho ndicho kipimo cha ukweli na hakikugharimu hata senti. Usiku simamisha picha kwenye simu, weka kipimapembe cha shule juu ya kioo, usome pembe. Linganisha na alichoandika kichujio chako sekunde ileile. Kichujio cha zamani kitakuwa kinasoma karibu na sifuri. Kipya kikisoma 15 hadi 20, umefaulu. Kikisoma hasi, umekosea alama. Kwa jaribio hili kasi ya GPS inatosha kuwa kasi yako. Mkimaliza muoshee pikipiki yake kwa maji baridi, chumvi haina huruma.

Pikipiki itakufundisha na jambo la pili. Injini ikizunguka mara 6,060 kwa dakika, inatikisa mara 101 kwa sekunde. Wewe unasoma mara 100 kwa sekunde. Kila usomaji unaangukia mahali palepale pa mtikisiko isipokuwa umesogea kidogo, na kwenye karatasi utaona bodi inayumba polepole mara moja kwa sekunde. Yumbo hilo halipo, na likishaingia hakuna kichujio cha programu kitakachoweza kulitofautisha na yumbo la kweli. Lazima ulizuie kabla ya kusoma: MPU-6050 ina kichujio cha ndani, kiweke kwenye mpaka wa hezi 42, na bodi ikalie kipande cha sponji la godoro badala ya kubanwa kwa skrubu. Propela ya ndege yako ina tabia hiyohiyo, basi isawazishe kabla ya kulaumu programu.

Tuje kwenye laki mbili zako. Cha kwanza nunua kipima kasi ya hewa, ule mrija wa mbele wenye kihisi cha tofauti ya shinikizo. Umeona kasi ilivyoingia kwenye masahihisho ya kona, na kazi yake haiishii hapo. Huku kwetu kusi ikishika, mita 7 kwa sekunde si ajabu. Ukiiongoza mota kwa kasi ya GPS na kuiamuru ishike mita 14, ikienda na upepo itapunguza nguvu mpaka hewani iwe na mita 7 tu, kwa kuwa upepo unaichangia 7 nyingine. Ndege ya uzito na bawa kama lako inaanza kushindwa kujibeba ikikaribia mita 8. Itaanguka huku GPS ikikuonyesha kila kitu kiko shwari. Kasi ya hewa ndiyo inayoiweka ndege juu, kasi ya GPS ni ya kujua utafika wapi. Usizichanganye.

Shinikizo lenyewe ni dogo. Kwenye hewa ya nyuzi joto 30 ya pwani, mita 14 kwa sekunde inatoa kama paskali 114, na mita 8 inatoa 37. Kihisi cha MPXV7002 kinatoa volti 1 kwa kila paskali 1,000, kwa hiyo tofauti kati ya kuruka vizuri na kuanguka ni volti 0.077. Nano inapima kwa hatua za karibu volti 0.005, yaani una hatua 15 au 16 za kuchezea. Inawezekana, ila ukipata kihisi kinachotoa namba chenyewe bila kupitia volti, chukua hicho. Kila kabla ya kuruka kinga mrija na upepo kwa kiganja, ufute sifuri. Na ndege ikipumzika nyumbani uuvalishe mrija kifuniko. Nyigu wa udongo wanapenda tundu la saizi ile, na siku moja tu inawatosha kuliziba.

Cha pili ni bodi ya biti 32. Nilisema Nano haijakosa, lakini itakuchosha. Ina baiti 2,048 za kumbukumbu ya kazi, na maktaba ya kuandika kwenye memori kadi peke yake inashika 512. Bila kumbukumbu ya safari utabaki kubahatisha kama ulivyobahatisha PID. Chipu ya STM32F411 ina megahezi 100, kilobaiti 128 za kumbukumbu ya kazi, na inapiga hesabu za desimali kwa maunzi yake yenyewe. Bodi zake ndogo ni za bei ya chini. Kinachobaki kinunue chanzo cha umeme kilicho peke yake cha sevo, zile mota ndogo za usukani. Dira ya sumaku iache: waya za mota zitaivuruga, na ndege ya mabawa inajua inakoelekea kwa GPS.

Hilo la umeme wa sevo nalisisitiza kwa sababu lilinigharimu. Nilikuwa narusha ndege ufukweni upande wa Lindi, mchanga ukaingia kwenye sevo moja, sevo ikakwama na kuvuta umeme mwingi. Volti zikaporomoka, bodi ikazima na kuwaka tena angani. Hapo ndipo programu yangu ilipoiua ndege. Nilikuwa nimeiandika kwamba kila ikiwaka itulie sekunde tatu, isome jairoskopu na kuita usomaji huo sifuri. Ndege ilikuwa inabingirika wakati ule. Bodi ikauchukua mbingiriko ule kuwa ndio utulivu, ikaulinda mpaka majini. Tangu siku hiyo sevo zangu zina umeme wao, na kosa la jairoskopu ninaliandika kwenye kumbukumbu ya kudumu. Bodi ikiwaka inauliza kwanza imewashwaje: kwa swichi, au imejizima yenyewe? Kama imejizima inachukua namba zilizoandikwa na kuendelea na kazi mara moja. Chipu zote mbili, ya Nano na ya STM32, zina rejesta inayotunza sababu hiyo. Isome kabla ya mstari mwingine wowote.

Na swichi yako ya kurudisha uongozi kwenye rimoti isipite ndani ya programu. Weka chipu ndogo kabisa pembeni, kazi yake iwe moja: ikiona chaneli ya tano imepanda, iunganishe risiva na sevo moja kwa moja. Ile bodi ya ArduPilot ya 2009 ilikuwa na chipu ya namna hiyo. Prosesa kubwa ikiganda, mkono wako bado unafika kwenye mabawa.

PID ni fupi, maana ukishajua pembe ya kweli kazi inayobaki ni ndogo. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky alichapisha uchambuzi wa kuongoza meli, akianzia kwa kuwatazama washika usukani. Aliona kuwa mshika usukani hodari haangalii tu meli imepotoka kiasi gani. Anahisi pia pua inageuka kwa kasi gani ili aanze kurudisha mapema, na anakumbuka upepo unaosukuma upande mmoja muda wote. Manahodha wa Mikindani wanajua hayo bila hesabu. (Neno rubani lenyewe lilikuwa la chomboni kabla ya kupanda ndegeni.) Chukua mfano wako: unataka nyuzi 25, uko 5, umepotoka 20. Refusha mpigo wa amri ya sevo kwa mikrosekunde 8 kwa kila nyuzi: 160. Lakini ndege tayari inalala kwa nyuzi 40 kwa sekunde, basi punguza 1.5 kwa kila moja, yaani 60. Inabaki 100, sevo inapokea 1,600 badala ya 1,500 ya katikati. Kasi ya kulala ichukue moja kwa moja kwenye jairoskopu. Usiikokotoe kwa kutoa pembe mbili. Kijumlishi cha makosa kiwe kidogo, na kifungwe ndege ikiwa ardhini. Ukisubiri dakika mbili mbuzi wapite uwanjani kitajaza kosa lisilokuwepo, na ndege itapinduka ikitoka tu mkononi.

Kufuata njia juu ya mikorosho, tumia mbinu ya Park, Deyst na How wa chuo cha MIT, ya mwaka 2004. Usielekeze pua kwenye sehemu ya mstari iliyo karibu nawe. Chagua sehemu ya mstari iliyo mbele, tuseme mita 60, kama nahodha anayeingia ghuba ya Mikindani anavyoweka jicho kwenye mlango badala ya kutazama maji yaliyo chini ya pua. Zidisha 2 kwa mraba wa kasi ya GPS, gawanya kwa 60, zidisha kwa saini (sine) ya pembe kati ya mwendo wako na sehemu ile. Ikiwa pembe ni nyuzi 20 na kasi ni 14, unapata mchapuko wa 2.23, na hiyo ni kulala nyuzi 13 tu. Upepo wa kusi unajisahihisha wenyewe humo, kwa sababu kasi ya GPS tayari imeubeba.

Kuna mitego miwili ya hapa kwetu kwenye GPS hiyo. NEO-6M ikikuandikia 1016.5 na herufi S, haimaanishi 10.165. Ni nyuzi 10 na dakika 16.5, yaani 10.275 kusini. Ukiisahau herufi S, ndege itaamini iko Ethiopia, zaidi ya kilomita 2,200 kaskazini. Mtego wa pili umejificha zaidi. Kwenye Nano, namba ya desimali ni ya biti 32 hata ukiitangaza kuwa ndefu. Longitudo yetu ni kama 40, na kwa ukubwa huo hatua ndogo kabisa ya namba hiyo ni kama sentimita 42 ardhini. Ukitafuta mwelekeo kwa kutoa longitudo mbili zilizokaribiana, mwelekeo utaruka kama panzi. Tunza longitudo na latitudo kama namba kamili, nyuzi mara milioni 10, hatua iwe kama sentimita moja. Toa kwanza, ndipo ugeuze kuwa mita.

Barometa yako ni nzuri, ila ifute sifuri kabla ya kila safari. Ukanda wetu wa joto una kupwa na kujaa kwa hewa: shinikizo hufika juu kama saa nne asubuhi na kushuka hadi kama saa kumi jioni, tofauti ikiwa karibu hektopaskali 3. Hapa pwani hektopaskali moja ni kama mita 8.7 za kimo, kwa hiyo sifuri ya asubuhi jioni itakukosesha mita 25. Ifunike kwa sponji dhidi ya upepo, na msimu wa kupuliza salfa usiirushe kwenye vumbi lile.

Kama lengo lako lingekuwa picha za mwezi ujao tu, ningekuambia weka ArduPilot kwenye bodi iliyo tayari na umalize. Ni ya bure na imekomaa. Lakini wewe unataka kujua, na Nanguruwe inahitaji fundi anayejua. Basi jenga, ila bodi yako ianze kama utingo. Safari kumi za kwanza endesha wewe kwa rimoti, yenyewe ikae pembeni iandike: pembe inayoiamini, kasi, kimo, na amri ambayo ingetoa kama ingekuwa na usukani. Siku amri zake zitakapofanana na za vidole vyako kwenye kona, mpe usukani kwa sekunde tano, ukiwa juu, kidole kikiwa kwenye swichi. Kabla ya hapo omba kibali Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kanuni za ndege zisizo na rubani zipo tangu 2018, na kaa mbali na uwanja wa ndege na mitambo ya gesi ya Madimba na Msimbati. Picha zikianza kutoka, zipeleke kwa watu wa kituo cha utafiti wa korosho cha Naliendele, ni majirani zako. Watakuambia kipi ni ubwiriunga na kipi ni kivuli.

Pua usiigundishe bado. Nitumie kwanza faili la pikipiki, lenye safu za muda, jairoskopu tatu, mchapuko tatu, kasi na pembe ya kichujio, pamoja na picha tatu za upeo wa bahari ulizozipima. Alama nitaziangalia mimi.